Kahawa Yako Uionje Wewe Kwanza

Maneno niliyosema kwa wanachama wa chama cha msingi cha ushirika, Kibosho, Moshi Vijijini, siku ya mkutano wa kufungua msimu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nikijazia pale watoto waliponikatisha.

Ndugu mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wazee wangu shikamooni. Akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliojibanza kule dirishani, habari za mchana.

Mwenyekiti amenipa nafasi baada ya taarifa ya pembejeo na kabla ya chakula. Harufu ya machalari inafika mpaka hapa mbele, kwa hiyo najua ninashindana na nani. Naomba mikono juu: ni nani mwaka huu amekunywa kahawa iliyotoka kwenye mibuni yake mwenyewe? Sisemi ya kopo, wala ile ya muuza kahawa pale stendi. Ya kihamba chako, shamba lako la nyumbani.

Naam. Mikono ya kuhesabika, na mingi ni ya wale wanaopokea watalii. Nendeni Materuni muone. Mgeni analipa hela, anapanda mlima kwa miguu, anakaanga, anatwanga kwenye kinu, anaimbishwa, anakunywa, anasema hajawahi kunywa kahawa kama hii. Akishaondoka, mwenyeji anarudi ndani kunywa chai ya rangi. Sina ugomvi na chai. Ninachouliza ni hiki: mgeni wa siku moja anaijuaje kahawa ya Kilimanjaro kuliko mtu aliyezaliwa chini ya mbuni?

Zao hili hatukulipata jana. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipanda kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 babu zetu walikuwa na chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 ukaja muungano wa vyama vya ushirika vya Kilimanjaro, KNCU, ambao hata wasiolima wanaujua. Pale Lyamungo kuna kituo cha utafiti wa kahawa ambacho wengine hapa mmechukua miche yake. Mkulima wa Kibosho ukimwamsha usiku wa manane atakueleza chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, kutu ya majani, kupogoa, bei ya mwaka jana na bei ya mwaka juzi. Muulize kahawa yake ina ladha gani. Atakuangalia.

Mimi kazi yangu imekuwa kuonja kahawa mjini Moshi, na nataka niwaambie mzigo wenu unafanywa nini gari likishashuka. Kwanza unakobolewa na kupangwa madaraja: AA, A, B, PB na mengineyo. Madaraja haya wengi mnayataja kama matokeo ya mtihani. AA maana yake ni punje kubwa, iliyobaki juu ya chekeche la matundu makubwa. PB ni zile punje duara, pale tunda lilipotoa punje moja badala ya mbili. Chekeche halina ulimi. Ladha inapimwa baadaye, mezani, na hapo ndipo mnunuzi anapoamua atapanda bei hadi wapi siku ya mnada.

Pale mezani hakuna uchawi. Sampuli inakaangwa kidogo, isiwe nyeusi. Inasagwa kubwakubwa. Zinapimwa gramu 8 na robo kwa kila mililita 150 za maji, maji yenye joto la nyuzi kama 93, na watu wanasubiri dakika nne. Hakuna chujio wala sukari. Kahawa inapanda juu na kufanya gamba. Mwonjaji anainama, pua iko karibu kuzama kikombeni, analivunja lile gamba kwa kijiko, maana mvuke wa kwanza unasema mengi. Anaengua povu, anaacha ipoe kidogo, kisha anaivuta kwa kelele, kelele ambayo ukiifanya ukweni hutarudi tena. Anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ndoo, anaandika. Maneno matatu, manne. Mwaka wako mzima wa jembe, bomba la dawa na vibarua umo kwenye hayo maneno, na wewe hukuwepo.

Sasa angalieni hiki. Shika, mama, pitisha nyuma. Ni kioo, taratibu.

Hii inaitwa frenchi presi. Ni jagi, kifuniko, kipini cha chuma, na chini ya kipini kuna wavu mwembamba unaobana pembeni. Haina umeme, haina karatasi ya kununua kila wiki. Jina ni la Ufaransa, na kweli Wafaransa wawili walikuwa na hati ya uvumbuzi ya chombo cha namna hii tangu 1852, lakini hati ya 1929 iliyokikaribisha na hiki tunachokijua ni ya Waitalia wa Milano, Attilio Calimani na Giulio Moneta. Waachieni wagombane. Kwetu cha maana ni namna kinavyofanya kazi: kahawa iliyosagwa kubwakubwa, maji ya moto, dakika nne, gamba juu. Ni ile ile meza ya mwonjaji. Wameongeza wavu tu ili usimeze machicha.

Ndiyo maana nimebeba presi. Birika la muuza kahawa nalipenda, na kashata yake naipenda zaidi, ila kahawa iliyochemshwa saa nzima juu ya mkaa inakuwa na ladha ya kuchemshwa. Mzigo mzuri na mzigo mbaya vinafanana. Kahawa ya kopo nayo imeshapikwa na kukaushwa kiwandani, kazi yako ni kuikoroga. Haitakwambia lolote kuhusu kihamba chako.

Tuanze na kukaanga, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapoiharibu. Chukua kahawa yako iliyokauka vizuri, itwange taratibu kwenye kinu ganda gumu litoke, pepeta kwa ungo. Toa zilizovunjika, zenye matundu ya wadudu, na zile nyeusi. Weka sufuria nzito au kikaango kwenye moto wa wastani, mimina kiasi kidogo, zisilaliane, na usiache kukoroga. Simu weka mbali. Zitatoka kijani zije njano, zitanukia kama nyasi kavu na baadaye kama mkate. Kisha zitaanza kulia, pa, pa, pa. Huo ni mpasuko wa kwanza. Kelele zikishapungua, ngoja kidogo tu, epua, mwaga kwenye ungo, toka nje upepete zipoe haraka. Ukizembea zitalia mara ya pili, mlio mdogo na wa haraka zaidi, zitoe mafuta na kuwa nyeusi tii.

Najua mama zetu walikaanga mpaka nyeusi. Wengine hapa mtaniambia kahawa isiyo nyeusi si kahawa. Kunywa unavyopenda, nyumba ni yako. Ila kama lengo ni kuijua kahawa yako, ile nyeusi inaficha kila kitu: uzuri wa udongo wetu inaficha, na uchafu wa kuanika inaficha pia. Mfanyabiashara mwenye mzigo mbovu anaupenda sana moto mkali.

Ikishapoa, iache kwenye kopo lenye kifuniko siku moja au mbili kabla ya kuisaga. Kahawa iliyotoka motoni sasa hivi imejaa hewa ya kaboni, na hewa hiyo inasumbua maji kuingia. Baada ya hapo inakunywika vizuri kwa wiki mbili tatu, mradi usiisage yote. Saga ya kunywa leo.

Kusaga. Mashine ndogo ya mkono ndiyo nzuri kuliko zote, watu wawili watatu wanaweza kuchangiana. Kama huna, kinu kinatosha, lakini kinu kinatoa vyote viwili: vipande na vumbi. Unachotaka ni chembe kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Basi ukishatwanga, pitisha kwenye chekeche la unga. Vumbi linalopita chini usilitupe, chemsha nalo kwenye birika. Kilichobaki juu ndicho cha presi. Vumbi likiingia kwenye presi linafanya mambo mawili: linatoa uchungu haraka mno, na linaziba wavu. Halafu utakuta mtu amesimama juu ya meza anasukuma kipini kwa kifua.

Na tafadhali, msipeleke kahawa kwenye mashine ya kusaga mahindi. Mtakunywa uji, na jirani atakayefuata atakula ugali wa kahawa.

Vipimo. Kwa lita moja ya maji, gramu 60. Mwenye mizani ya jikoni atumie mizani. Asiye nayo, kijiko cha chakula kilichojaa kawaida kinabeba kama gramu 5, kwa hiyo vijiko 12 kwa lita. Presi ndogo kama hii, ya mililita 350, vijiko vinne. Mtu akisema nyepesi, aongeze kahawa, asiongeze dakika.

Maji sasa, na hapa tuna bahati ambayo watu wa Dar es Salaam hawana. Vitabu vya kahawa vinasema maji yawe kati ya nyuzi 92 na 96. Dar, pwani, maji yanachemka kwa nyuzi 100, kwa hiyo mtu wa kule inabidi aepue na kusubiri. Kadiri unavyopanda mlima, maji yanachemka kwa joto la chini zaidi, kama nyuzi moja kila mita 300. Moshi mjini yanachemka kwenye 97 hivi. Huku juu, kwenye mita kama 1,400, yanachemka kwenye 95. Yaani yakitokota tu, mimina. Mlima umekupimia. (Arusha mjini ni hivyo hivyo, kwa hiyo mashemeji zenu wa kule wasiwadanganye na kipimajoto.)

Kabla ya kumimina, suuza jagi kwa maji ya moto. Linapata joto, na kioo kinaokoka. Presi nyingi nilizoziona zimekufa zimekufa kwa njia mbili: maji ya moto kwenye kioo cha baridi asubuhi ya Julai, au mtu kuiweka juu ya jiko ipate moto. Hili jagi haliwekwi jikoni kamwe.

Mwaga maji ya kusuuzia, weka kahawa, mimina maji ya kuilowesha yote. Itafura na kutoa povu. Ikifura sana ujue ni ya juzi, isipofura kabisa imekaa muda mrefu. Baada ya nusu dakika jazia maji, acha nafasi ya vidole viwili juu. Weka kifuniko bila kusukuma. Anza kuhesabu dakika nne kwenye simu, ile ile niliyowaambia muiweke mbali.

Dakika nne zikifika, funua. Vunja gamba kwa kijiko, na inama. Hapa ndipo nawaomba muwe waonjaji: vuta hewa puani kabla hujakoroga mara ya pili. Engua povu na chembe zinazoelea. Ukiwa na subira, iache tena dakika nne au tano, chembe zizame chini zenyewe. Kisha rudisha kifuniko, shusha kipini polepole, kwa uzito wa mkono tu. Kikigoma, kipandishe kidogo kisha ushushe tena. Usishindane nacho, kwa sababu maji ya moto yatatafuta njia, na njia ni pembeni ya kifuniko kuelekea kwenye mkono wako. Watoto wakae mbali hapo.

Mimina yote mara moja. Ukiiacha ndani, kahawa inaendelea kukamuliwa na kuzidi uchungu. Kama wanywaji hawajafika, hamishia kwenye chupa ya chai, ila iwe chupa isiyojua maziwa. Machicha peleka kwenye migomba. Wavu ufungue skurubu yake, osha kila siku. Mafuta ya kahawa yakibaki pale yanaoza, na kesho utalaumu kihamba bure.

Sasa jambo lililonileta. Kikombe cha kwanza kinywe kitupu. Tangawizi, maziwa, sukari, vyote vije kwenye cha pili. Na ukinywa, jiulize maswali ambayo mnunuzi anajiuliza.

Je, ulimi unakauka na kushikwa, kama umetafuna ndizi mbichi? Huo ni ukakasi. Mara nyingi umechuma matunda ya kijani pamoja na mekundu. Kibarua analipwa kwa debe, anakamua tawi zima, na wewe ulikuwa msibani. Ukakasi huo hauondolewi na mtu yeyote baada ya hapo. Mashine ya kukobolea haiuoni, chekeche haliuoni, ila ulimi wa mnunuzi unauona.

Je, kuna uchachu? Uchachu msafi, kama wa chungwa, ni sifa. Kahawa yetu ya mlimani inasifiwa kwa huo. Lakini kuna uchachu mwingine wenye harufu ya kitu kilichovunda, karibu na siki au kitunguu kilichoharibika. Huo unatoka kwenye ndoo ya kuchachushia. Umemenya jioni, ukaacha kahawa na ute wake muda kupita kiasi, au umechanganya ya leo na ya juzi. Punje chache tu zilizovunda zinatosha kuharibu kikombe.

Je, kuna harufu ya udongo, ya gunia, ya ukungu? Rudi nyumbani uangalie unapoanika. Kahawa iliyoanikwa chini, ikanyeshewa, ikafunikwa ikiwa na unyevu, haisahau. Vichanja vya waya tunavyoambiwa kila mwaka si urembo. Upepo unapita chini, punje zinakauka sawasawa, kuku hapandi. (Kuku anapanda. Lakini kidogo.)

Mzee pale nyuma amesema kwa sauti, na nimesikia: hata nikijua, bei anapanga mnunuzi. Ni kweli mzee wangu, na bei ya dunia haisikilizi Kibosho. Lakini tazama kinachotokea hapa hapa. Mzigo wa chama unachanganywa. Mwenye vichanja na mwenye kuanika kwenye turubai kuukuu wanalipwa sawa, na mwenye vichanja anakata tamaa. Chama kikiwa na presi tatu na watu watano wanaojua kuonja, katibu anaweza kupokea mzigo, kuchukua sampuli, kuikaanga, kuionja, na kuutenga ule mzuri uende peke yake mnadani. Wapo wanunuzi wanaotafuta mizigo ya namna hiyo. Na taarifa ikirudi kwamba kahawa yenu imeonekana na kasoro, mtakuwa na la kujibu, maana mtakuwa mmeshaionja. Leo hii tukiambiwa ina kasoro tunainamisha kichwa tu.

Mama mmoja aliniuliza nilipoingia kama kahawa ya presi ni salama. Nijibu kwa ufupi. Wavu wa chuma unapitisha mafuta ya kahawa ambayo karatasi ingeyazuia, na ndani ya mafuta hayo kuna kitu kinaitwa kafestoli kinachopandisha lehemu, yaani kolesteroli, kwenye damu. Aliyeambiwa hospitali kwamba lehemu yake iko juu, presi isiwe ya kila siku. Achuje kwa karatasi au azungumze na daktari wake. Mjamzito, kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku, kama vikombe viwili vidogo vya kahawa hii, na akumbuke kwamba chai nayo ina kafeini. Pia kahawa, sawa na chai, ikinywewa pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye mboga na maharage. Tenganisha kwa saa moja. Watoto waacheni na maziwa yao.

Nimemaliza kusema, tuonje. Mezani kuna majagi matatu, A, B na C. Yote ni kahawa ya kata hii, imekaangwa siku moja, imesagwa na mashine moja, maji ya sufuria moja. Moja ilianikwa kwenye vichanja. Moja ilianikwa chini kwenye turubai ikapigwa na mvua ya usiku. Moja ni matunda ya kijani na mekundu yaliyochumwa kwa pamoja. Wenye mizigo hiyo wamo humu ndani na wamekubali, kwa sharti kwamba sitawataja. Kila mtu apewe kikombe kimoja kidogo cha kila jagi, hakuna sukari mpaka raundi iishe, na usimnong'oneze jirani. Katibu ana karatasi. Andika herufi na neno moja. Tutaanzia viti vya nyuma, kwa sababu wa mbele huwa wanahudumiwa kwanza kwenye chakula.